Ili Niweze Kuchuchumaa

Miaka ile nilikuwa nalala huku naongea. Mteja anasimama mbele ya kibanda changu cha nafaka pale Majengo, ananiuliza bei ya uwele, namjibu, na kabla sijamaliza jibu nimeshaondoka. Niko katikati ya shamba la mtama uliokomaa, natembea bila kuhema, na mtama wenyewe unanipisha njia. Halafu nasikia sauti ya mbali, "Mama Zena! We Mama Zena! Nakuuliza debe!" Nikifungua macho nimekaa palepale juu ya gunia, udenda umenitoka, na mteja anacheka au amekasirika, kutegemea alivyoamka.

Kama wewe ni mnene kama nilivyokuwa mimi, na umechoka kuambiwa kwamba umependeza, haya nayaandika kwa ajili yako. Mimi siyo daktari. Ukitaka kujua dawa inafanya nini tumboni, muulize aliyesomea. Mimi najua mabenchi niliyokalia, na aibu niliyoipata, na siku moja moja za heri ambazo bila hizo ningeacha mapema.

Sikuzaliwa hivyo. Nilianza kunenepa baada ya kuzaa, nikazidi pale serikali ilipofungua biashara huria. Mafuta ya kula, ambayo zamani tuliyapangia foleni, sasa yalijaa madukani kwa madumu, na sisi tukayamimina kwenye sufuria kama watu wanaolipiza kisasi. Maandazi asubuhi, sambusa saa nne, wali wa nazi mchana. Mume wangu, Baba Zena, alifurahi sana. Harusini alinitangulia kifua mbele, kama mtu aliyenunua lori jipya. Na mimi nilifurahi, nisiseme uongo. Magoti ndiyo yaliyokuwa hayafurahi. Kusali nilishahamia kwenye kiti, na nikikaa tu popote, usingizi unanichukua.

Lakini siyo magoti yaliyonipeleka hospitali. Ni msiba.

Mama mdogo Mwamvua alifariki mwezi wa kwanza, mvua zikiwa zimekolea. Kwetu, maiti ya mwanamke huoshwa na wanawake wa damu yake, wakiongozwa na bibi mwoshaji anayejua taratibu. Chumba kilikuwa kidogo, kitanda cha kamba ni kifupi, na kila mmoja alichuchumaa mahali pake. Nikaingia nami. Nikafunga kanga kiunoni, nikajaribu kuchuchumaa. Magoti yakakataa. Nikajaribu kupiga magoti, nikahema kwa sauti mpaka wote wakageuka, nikayumba, mkono wangu ukatua kwa uzito wote juu ya kifua cha marehemu.

Bibi mwoshaji hakunigombeza. Heri angenigombeza. Alisema taratibu tu, "Mwanaidi, mwanangu, toka kidogo ukapunge hewa." Nikatoka. Akaingia binti wa jirani, mtu baki, Mungu amlipe, akashika nafasi yangu.

Mama yangu mzazi, Bi Tatu, alikuwa mle chumbani na aliona yote. Mimi ndiye binti yake wa pekee, wenzangu wote ni wanaume. Walipomaliza, akatoka akakaa karibu yangu kwenye mkeka, ameshika tasbihi yake, hanitazami. Akasema, "Kumbe na mimi nitaoshwa na watu baki."

Mvua ilikuwa inanyesha juu ya bati, watu wanasoma Yasini, na mimi nimekaa pale najiona mkubwa kuliko nyumba nzima, na sina faida yoyote. Nililia, na watu wakadhani namlilia marehemu.

Basi nikaenda kwa daktari. Wakati ule zahanati za watu binafsi zilikuwa zimeanza kufunguliwa mjini, na niliambiwa kuna moja upande wa Area D ina daktari aliyerudi karibuni kutoka masomoni. Chumba cha kungojea kilikuwa na mabenchi ya mbao, maua ya plastiki, na televisheni iliyoonyesha picha bila sauti. Nilikaa kwenye benchi, wawili waliokuwa wamekaa wakahamia kwa adabu benchi la pili. Nikasinzia. Nikaota nimegeuka moshi wa ubani, napita chini ya mlango. Nesi akanigusa bega.

Akanipandisha kwenye mizani yao. Mshale ukakimbia, ukagonga mwisho, ukatulia hapo.

"Mama," nesi akasema kwa sauti ya chini, "hii yetu imeishia hapa."

Daktari alikuwa kijana, mwembamba, mwenye adabu. "Shikamoo, mama." "Marahaba, baba." Akaniuliza shida yangu. Nilikuwa nimepanga kusema magoti, lakini mdomo ukasema wenyewe: "Nataka niweze kuchuchumaa nimwoshe mama yangu siku akifa." Akaweka kalamu chini. Akaniuliza kama najua mahali penye mizani kubwa.

"Mimi mwenyewe ninayo," nikasema. "Napimia mahindi."

Nikangoja adhana ya adhuhuri, watu wetu waende msikitini, soko litulie. Nilimsahau jirani yangu wa kibanda, Mama Nyemo, ambaye ni Mgogo, Mkristo, na adhana haimhusu. Sisi asili yetu ni Unyamwezi, babu wa babu alifika na misafara ya biashara akabaki hapa, kwa hiyo mimi na Mama Nyemo ni watani, na mtani hana breki kwa mtani wake. Nilipopanda tu kwenye jukwaa la mizani, huyo kafika.

"Unafanya nini, Mnyamwezi? Unajiuza?"

"Daktari kanituma. Sogeza vyuma hivyo, acha maneno."

Akasogeza chuma, akaongeza kingine, akasogeza tena, macho yanazidi kumtoka. "Gunia na debe mbili! Haki ya Mungu! Wewe siyo mtu, wewe ni lumbesa!" Lumbesa ni lile gunia linalojazwa kupita mdomo wake mpaka likashonewa kilemba juu. Akacheka mpaka akashika nguzo ya kibanda. Halafu akaniangalia usoni, akaacha kucheka. Akanishika kiwiko, akanishusha kama anashusha mgonjwa, na hakusema kitu. Mama Nyemo kunyamaza, hapo ndipo nilipoogopa kweli.

Daktari alipopata jibu akaniambia kuna dawa imeanza kuingia, vidonge vya kumeza pamoja na chakula. "Vinazuia sehemu ya mafuta unayokula yasibaki mwilini. Yanatoka chooni. Lakini mama, hii siyo dawa ya wiki mbili. Ni safari ndefu, kama watu wanaomeza dawa za presha. Na vyenyewe peke yake haviwezi, lazima na wewe upunguze na utembee. Ukila mafuta mengi juu ya vidonge hivi, vitakuaibisha."

Neno hilo la mwisho lilipita juu ya kichwa changu. Mimi nilisikia mafuta yanatoka. Nikajiona nimeshatoka kwenye unene.

Akaniuliza huwa nakula kiasi gani. Jamani! Mtu anayekula kwenye sinia atajuaje anakula kiasi gani? Kwetu chakula kinapakuliwa sinia moja, tunazunguka, kila mtu anakula upande wake mpaka ashibe, na wa mwisho ndiye anayesafisha. Mimi ndiye niliyekuwa wa mwisho miaka yote. Daktari akasema, "Basi chukua sahani yako peke yako, ndipo utajua."

Hiyo sahani ilileta vita zaidi kuliko vidonge. Siku ya kwanza nimejipakulia pembeni, Baba Zena akauacha mkono wake hewani juu ya sinia. "Nimekukosea nini?" akauliza. Nikamweleza daktari alivyosema. Akanisikiliza, lakini uso ulifunga. Kwa watu wetu, anayejitenga na sinia ni mgonjwa wa kifua kikuu, au ana ugomvi, au anaogopa kulishwa kitu. Wifi yangu alipotukuta hivyo akaenda kueleza ukoo mzima kwamba Mwanaidi hali tena na mumewe. Baba Zena aliniambia, "Watu watasema sikulishi." Nikamjibu kwa hasira, "Waambie waje wanipime." Tulikula vile, yeye na sinia lake kubwa la peke yake, mimi na kisahani changu, tumepeana migongo, miezi kadhaa. Ilinikondesha roho kabla ya mwili.

Halafu ukaingia mwezi wa Ramadhani.

Niliambiwa kidonge kimoja kila mlo, milo mitatu. Mchana nimefunga. Sasa vile vingine viwili navipeleka wapi? Sikumuuliza mtu. Nikaona busara ni kuvimeza vyote vitatu wakati wa futari, na kwa kuwa vitatu vina nguvu mara tatu, nikajiruhusu sambusa, katlesi, kachori, bajia na tambi za sukari zilizokaangwa. Nilikula kama mtu aliyeweka mlinzi mlangoni. Nilifuturu hivyo siku ya kwanza, nikafuturu hivyo siku ya pili. Na hiyo ya pili nilikwenda tarawehe.

Nilikuwa nimekaa kwenye kiti changu, safu ya nyuma ya wanawake, nimevaa baibui jipya. Imamu alisoma vizuri sana, sauti inapanda na kushuka, mimi niko nusu hapa nusu kwenye usingizi, naelea, nimejaa amani. Nikasikia tumbo limesema neno moja. Nikajizuia. Kilichofuata nitakieleza kwa heshima: mafuta hayakuaga. Yalitoka yenyewe, rangi ya machungwa, kama yale yanayoelea juu ya mchuzi, na hakuna kubana kulikosaidia. Udhu ukaenda, baibui likaenda, kiti cha msikiti kikaenda. Nikakishika kile kiti nyuma yangu kuficha doa, nikatoka nacho kinyumenyume mpaka uani, wanawake wananiangalia kama nimerukwa na akili. Nilikiosha kwa sabuni na mchanga huku nacheka na kulia.

Daktari naye alijitahidi asicheke, akashindwa. "Mama, usipokula, humezi. Mlo usio na mafuta, humezi. Vitatu kwa pamoja siyo mara tatu. Hiyo siyo dawa iliyokuaibisha, ni sambusa." Nikamwambia angenieleza hivyo mapema kwa lugha hiyohiyo ya sambusa. Akakubali kosa, na nasikia sasa wagonjwa wake wote Waislamu anawaeleza kabla mwezi haujaandama. Na wewe unayesoma, kama unafunga, muulize wako kabla, usijifanye mjanja kama mimi.

Tangu siku ile nikaogopa mafuta kuliko nyoka. Mama Nyemo ndiye aliyeniokoa. Akawa analeta kibandani ugali wa uwele na mlenda wa kwao, hauna hata tone la mafuta, tunakula mchana tumekaa juu ya magunia, kila mtu na bakuli lake, na kwa Mama Nyemo bakuli si ugomvi. "Leo Mnyamwezi analishwa mlenda na Mgogo," alitangaza kwa wapita njia. "Mababu zake huko waliko wanalia." Utamu wa mlenda nilichelewa kuujua. Na jioni tulitembea kwa miguu, mimi na yeye, mpaka kwake Chang'ombe, halafu narudi peke yangu. Mwanzo nilipumzika kila duka. Wenye maduka wakazoea, wakawa wananiwekea kigoda nje.

Mtama ulivunwa, ukaja upepo wa kiangazi wenye vumbi, mji mzima ukawa mwekundu. Mwili wangu ulikuwa unaondoka taratibu, bila kelele, kama wageni wenye adabu. Pete ikalegea. Siku moja najipaka mafuta ya nazi shingoni, vidole vikagusa mfupa, nikashtuka nikadhani uvimbe. Kumbe ni mtulinga wangu, sikuwa nimeugusa tangu nilipokuwa mwali. Mashavu yakaanguka, ngozi ya mikono ikaning'inia, na sikupendeza hata kidogo, nisikudanganye. Lakini usingizi ulirudi mahali pake. Nikawa naota kitandani, kama watu, na mchana niko macho, namsikia mteja mpaka mwisho wa sentensi.

Hapo ndipo maneno yalipoanza. Miaka ile, mtu aliyekonda huku anameza vidonge kila siku hakuulizwa, alihukumiwa. Wateja wangu wa zamani wakawa wanapita kibanda cha pili. Wanawake wakinisalimia wananishika mkono kwa ncha za vidole. Nyumbani Baba Zena akawa hanitazami kabisa, nikajua naye ameyasikia. Hakuna aliyethubutu kunitamkia, na hilo liliniuma kuliko wangenitamkia.

Mtani akathubutu. Asubuhi moja soko limejaa, Mama Nyemo akapanda juu ya gunia la kunde, akapiga makofi. "Jamani! Sikilizeni! Huyu Mnyamwezi mnasema amekanyaga miwaya, eti ana UKIMWI. Mbona hamumuulizi? Mwanaidi, unao?"

Soko zima likanigeukia. Nilitaka ardhi inimeze. Halafu hasira ikanipanda, hasira nzuri, ya moto. Nikasimama. "Ningekuwa nao ningewaambia, na mngenunua mtama wangu vilevile, maana mtama hauna UKIMWI! Hizi ni dawa za unene! Nilikuwa gunia na debe mbili, aliyenipima huyo hapo juu!"

"Mimi shahidi!" Mama Nyemo akapiga kelele. "Lumbesa kabisa!"

Watu wakaangua kicheko, na kicheko kile kilinisafisha. Ila jioni ile ile wanawake watatu walinifuata wakitaka niwagawie vidonge kidogo, kuna harusi karibu. Nikawaeleza habari za msikitini, mmoja baada ya mwingine, kwa kirefu. Wakaenda zao.

Baba Zena naye aliyapata ya sokoni kabla sijafika nyumbani. Chakula kilipoiva hakuagiza sinia. Alikwenda mwenyewe kabatini, akatoka na sahani mbili, akaniwekea yangu, akakaa karibu yangu na yake. "Punguza wali kwangu pia," akasema. "Suruali zinanibana." Nikampunguzia vijiko viwili, nikavirudisha sufuriani.

Usidhani ikawa mteremko. Kiangazi kilipokolea, dawa ikakatika. Duka la dawa likaniambia mzigo haujaja, rudi wiki ijayo, rudi mwezi ujao. Mwili ukarudi upesi kuliko ulivyoondoka. Pete ikabana tena. Usingizi ukarudi kukaa nami kibandani, na ndoto zake tamu zile zile, na nikajua zinataka kunichukua moja kwa moja. Nikamkasirikia kila mtu. Nikala maandazi nimejifungia stoo, nalia.

Nilimwendea daktari nikiwa tayari kugombezwa. Akaniambia, "Mama, hujashindwa. Huu ni ugonjwa wa kudumu, ukiachwa unarudi. Tutaanza tena dawa ikifika, na ikikatika tena tutaanza tena." Nilikuwa nimengoja miaka mtu aniite mgonjwa, siyo mlafi. Nikaomba kukaa kidogo pale kwenye benchi kabla ya kuondoka. Nesi akanipa maji, akanigusa bega kama siku ya kwanza.

Dawa ilifika mvua zilipoanza. Tukaanza tena, mimi, vidonge, mlenda, na njia ya Chang'ombe iliyojaa matope. Msimu ule ukapita, ukapita na mwingine. Bado navimeza hadi leo. Sijawa mwembamba na sitakuwa. Lakini asubuhi moja, zabibu zimeanza kuingia sokoni, nilidondosha kibaba chini ya meza, nikainama kukiokota, na nilipokishika nikagundua nimechuchumaa. Visigino chini, magoti juu, sijashika kitu. Nikabaki hapohapo. Mama Nyemo akachungulia. "Umekwama?" Nikamwambia hapana. Nikasimama mwenyewe, nikachuchumaa tena kumwonyesha, nikasimama, nikachuchumaa. Akanipigia vigelegele kama biharusi.

Nilifunga kibanda saa ileile nikaenda kwa mama. Alikuwa uani, ameota jua la asubuhi, amekuwa mdogo sana siku hizi, mifupa na kanga. Nikamwamkia, shikamoo mama, marahaba mwanangu. Nikachuchumaa mbele yake bila kuegemea ukuta.

"Mama, tazama. Naweza. Siku ikifika hutaoshwa na mtu baki. Nitakuosha mimi."

Alinitazama magoti, halafu uso. Nikadhani atalia. Akasema, "Ndiyo ulikuwa unajikondesha miaka yote hii ukingoja nife?"

"Mama!"

"Nikishakufa nitajuaje kama ni wewe?" Akaanza kufungua kanga yake begani. "Kaweke maji jikoni. Mgongo unaniwasha tangu juzi, na hawa wajukuu zangu wananimwagia tu maji kama wanaosha gari."

Nikapasha maji. Nikaleta beseni, nikachuchumaa nyuma yake uani pale, jua linatupiga wote wawili. Nikamwosha shingo, mabega, mgongo wenye alama za chale za zamani ambazo sikuwahi kuziona. Nikazunguka nikamwosha miguu, kidole kwa kidole. Machozi yalinitoka, sikuyafuta, mikono ilikuwa na sabuni. Mama amefumba macho, anatabasamu na meno yake machache, nikafikiri amesinzia, nikapunguza mwendo nisimwamshe.

"Ongeza ya moto, mwanangu," akasema. "Maiti ndiyo haisikii baridi. Mimi nasikia."